Kufungua tela na kuchagua fifthi wili ya kuaminika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya dereva wa semi, utingo wake, na mwenye gari moja au mawili anayejilipia vipuri mwenyewe. Fifthi wili ni ile sahani nzito ya chuma iliyokaa mgongoni mwa kichwa, yaani lori lenye injini linalovuta tela. Kingipini ni chuma cha mviringo kinachoning'inia chini ya pua ya tela. Kila kinachoendelea kati ya Dar es Salaam na Tunduma, au Mombasa na Malaba, kimeshikwa na vitu hivyo viwili, na ndiyo maana vinastahili muda zaidi ya tunavyovipa.

Hatua za kufungua tela ni zipi, na zifuatane vipi?

Anza na mahali. Tafuta ardhi ngumu na tambarare, kisha simamisha kichwa na tela vikiwa vimenyooka mstari mmoja. Ukifungua ukiwa umekunja kona, kingipini inabana upande mmoja wa taya, yaani vyuma vya sahani vinavyoishika, na kila hatua inayofuata inakuwa ngumu.

Vuta breki ya maegesho ya kichwa, kisha ya tela. Tela likiwa na kitufe chake cha breki ubavuni, kitumie hicho, usitegemee kwamba kuchomoa mpira wa upepo kutalifunga. Weka kabari kwenye matairi ya tela. Jiwe la barabarani si kabari, linateleza.

Teremsha miguu ya tela mpaka iguse chini sawasawa, kisha badili gia ya hendeli iwe nzito na uzungushe mara chache tena, uzito uanze kuhama kutoka kwenye sahani kwenda kwenye miguu. Huna haja ya kulinyanyua tela. Ukilinyanyua sana, atakayekuja kulifunga atalikuta liko juu mno, na huo ni mtego tutakaoueleza chini.

Sasa chomoa mipira ya upepo, mwekundu kwanza kisha wa njano, halafu waya wa taa na waya wa ABS (mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge kwenye breki) kama upo. Itundike mahali pake nyuma ya kibanda. Mpira ulioachwa ukibembea hunasa kwenye sahani na kukatika kichwa kinapoondoka.

Toa kipini au kilipu ya usalama kwenye mkono wa kufungulia, vuta mkono mpaka ushike nafasi yake ya wazi. Rudi ndani, shusha kioo usikie, songa mbele polepole. Ukishaona sahani imeachana na kingipini lakini chesisi bado iko chini ya pua ya tela, simama. Shuka ukaangalie miguu. Ikiwa inazama au inainama, chesisi yako bado ipo kudaka tela. Ikiwa imara, na kichwa chako kina bagi za upepo, punguza upepo kichwa kishuke, ndipo uondoke kabisa. Kupunguza upepo kabla kingipini haijatoka ni kujitafutia kubana.

Kwa nini mwekundu kwanza? Si yote ni upepo tu?

Ni upepo, ila kazi zake ni mbili tofauti. Mwekundu unapeleka upepo wa kujaza mitungi ya tela na ndio unaoachia breki zake. Wa njano unapeleka amri ya mguu wako unapokanyaga pedali. Ukichomoa mwekundu kwanza, tela linafunga breki kabla hujapoteza amri. Kwenye kufunga ni kinyume: njano kwanza, mwekundu mwisho.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanakufa. Dereva amerudi nyuma, kingipini imeingia, ameshuka bila kuvuta breki ya kichwa kwa kuwa tela limefunga na gari limetulia. Anapanda kati ya kibanda na tela, anachomeka mwekundu. Upepo unaingia, breki za tela zinaachia, na gari zima linaanza kutembea huku yeye yuko katikati. Wengi hukimbilia kuruka na kupanda kibandani kulizuia. Breki ya kichwa ivutwe kila unaposhuka, hata kama unashuka kuokota glavu. Utingo naye afundishwe hivyo siku ya kwanza, kabla ya kufundishwa kufunga turubai.

Mkono wa kufungulia unagoma kuvutika. Nipige nyundo?

Hapana. Mara nyingi kingipini imeegemea taya kwa nguvu. Rudi kibandani, acha breki za tela zikiwa zimefunga, rudisha kichwa nyuma kwa upole sana mpaka usikie uzito umeegemea, vuta breki ya kichwa, kisha jaribu tena. Sentimita moja inatosha.

Bado inagoma? Angalia kama kichwa na tela vimenyooka, na kama tela limelalia upande mmoja kwa sababu ya ardhi. Halafu angalia grisi. Grisi ya zamani iliyochanganyika na vumbi la barabara ya changarawe hugeuka kitu kigumu kinachoziba njia ya mkono na springi. Ikoshwe kwa dizeli na brashi. Ukishaanza kuvuta mkono kwa bomba refu na watu wawili, jua kuna kitu kimepinda ndani, na nyundo itakificha tu mpaka siku ya safari.

Naweza kuacha tela lenye mzigo limesimama kwa miguu yake usiku kucha?

Unaweza, ila fikiria kilicho juu ya miguu hiyo. Semi ya kawaida ikijaa, pua ya tela inaweza kuwa inaegemeza tani 17 hivi kwenye kichwa. Kichwa kikiondoka, mzigo huo wote unahamia kwenye nyayo mbili ndogo za chuma. Kwenye udongo wa masika zinazama. Kwenye lami ya jua la mchana, Chalinze au Morogoro, nazo zinazama taratibu bila wewe kuona. Weka mbao nene na pana chini ya kila unyayo, na usitumie matofali, maana yanapasuka.

Kontena la futi 20 kwenye tela la futi 40 ni hatari ya peke yake. Likifungwa nyuma kabisa, uzito unaweza kuwa nyuma ya ekseli na kichwa ndicho kinachozuia pua isipae. Ukikiondoa, tela linaweza kukaa kitako. Likifungwa mbele kabisa, uzito unaweza kuwa mbele ya miguu na tela linaweza kuinamia pua. Matela ya namna hiyo usiyaache bila kichwa mpaka mzigo ushushwe, au uwe na stendi imara ya kuegemeza upande unaohusika.

Wakati wa kufunga, nitajuaje kwamba kingipini imeshika kweli?

Kwa kuona kwa macho yako. Mlio wa "kach" si ushahidi. Kuvuta mbele kidogo si ushahidi kamili pia, ingawa ni lazima ufanye hivyo.

Kabla hujarudi nyuma, chungulia urefu. Bamba la chini ya tela liwe chini kidogo ya mgongo wa sahani, ili sahani iingie kwa kulisukuma tela juu. Tela likiwa juu mno, kingipini inapita juu ya taya badala ya kuingia kati yake. Taya zinajifunga chini ya kingipini, mlio unausikia, mkono unarudi ndani kama kawaida, na ukivuta mbele kingipini inaweza kuegemea ukingo wa sahani ikakupa hisia kwamba imeshika. Unaondoka. Kwenye tuta la kwanza au kona ya kwanza tela linashuka.

Kwa hiyo: rudi nyuma taratibu, sikia limefunga, kisha jaribu kuvuta mbele mara mbili kwa gia ndogo breki za tela zikiwa zimefunga. Vuta breki ya kichwa, zima injini, chukua tochi, ingia ubavuni uangalie vitu vitatu. Kwanza, kati ya sahani na bamba la tela pasiwepo mwanga unaopenya hata uzi. Pili, mulika kutoka nyuma, ndani ya mdomo wa sahani: taya ziwe zimezunguka shingo nyembamba ya kingipini, na nyuma yake uone chuma, siyo uwazi. Tatu, mkono uwe umerudi mpaka mwisho na kipini cha usalama kinaingia bila kulazimishwa. Kipini kinapokataa kuingia, taya hazijakamilisha kufunga. Fungua urudie tangu mwanzo.

Baadhi ya vichwa vipya vya Ulaya vina taa ndani ya kibanda inayoonyesha kama taya zimefunga. Ni msaada mzuri, lakini dereva mzuri bado anashuka na tochi.

Inchi 2 na inchi 3.5 zina tofauti gani, na nitazitambuaje?

Ni unene wa kingipini. Ya inchi 2 ina milimita 50.8 sehemu inayoshikwa na taya, na ndiyo iliyoenea zaidi duniani. Ya inchi 3.5 ina milimita 88.9, ni ya mizigo mizito na matela ya kubebea mashine. Huku kwetu zote zipo, kwa sababu vichwa vya Kichina kama HOWO huja na sahani ya 50 (yaani inchi 2) au ya 90 (yaani inchi 3.5) kutegemea mnunuzi aliagiza nini, wakati vichwa vya mtumba kutoka Ulaya kwa kawaida ni vya inchi 2.

Taya za 3.5 haziwezi kushika kingipini ya 2. Na kwa kuwa kingipini nyembamba inaingia bila shida kwenye mdomo mpana, mtu mwenye haraka anaweza kudhani amefunga. Kama unachukua tela la mtu mwingine bandarini au mpakani, pima kwanza kwa rula. Wapo watengenezaji wanaouza seti halali ya kubadilisha taya kutoka saizi moja kwenda nyingine. Bushi iliyochongwa kwa fundi wa mtaani si mbadala wake.

Fifthi wili ipi inaaminika zaidi?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na jibu langu linaanza na duka la vipuri kabla ya kiwanda.

Kwenye malori ya Ulaya utakutana sana na JOST, hasa familia ya JSK 37, na SAF-Holland, hasa SK-S 36.20, ambayo kwenye magari ya zamani huwa na alama ya GF. Zote mbili zina matoleo ya chuma cha kumimina yaliyopewa kiwango cha kubeba tani 20 wima na nguvu ya kuvuta ya kilonyutoni 152 (ndiyo thamani ya D, tutaieleza chini). Kwa karatasi ni mapacha. Kwa dereva wa Marekani au Kanada, wakiwemo ndugu zetu wengi wanaoendesha huko, Holland na Fontaine ndizo zinazoonekana zaidi.

Tofauti iko kwenye namna zinavyoshika na zinavyochakaa. JSK 37 inashika kwa ndoana nene inayofungwa na komeo pana nyuma yake, na mbele ya kingipini kuna pete ya kuchakaa inayofungwa kwa bolti. Pete ikiisha, inabadilishwa peke yake, na komeo lina skrubu ya kurekebisha uwazi. Fontaine inatumia taya na kabari. Kabari inajisogeza yenyewe kadiri chuma kinavyolika, kwa hiyo uwazi hauongezeki haraka. Hilo ni jambo zuri, ila linataka dereva asafishe, maana kabari iliyoganda kwa uchafu haijisogezi. Holland nyingi za Marekani zinabana kingipini kwa taya mbili kutoka pande zote, nazo zina skrubu ya kurekebisha.

Kwa barabara zetu mimi nachagua ile ambayo pete, springi na komeo lake nitavipata Kariakoo, Mbeya au Nairobi wiki hii hii, na fundi wangu ameshaifungua akaijua. Kwa wengi wetu hiyo inaangukia JOST au SK-S. Sahani ambayo kipuri chake kinasubiri meli itaendeshwa ikiwa imechakaa, na hapo sifa zote za kiwandani zimekwisha.

Za Kichina? Zipo imara na zipo za hovyo, na kwa kuziangalia tu huwezi kutofautisha. Angalia bati la utambulisho: liwe na jina la mtengenezaji, modeli, mzigo wa wima na thamani ya D. Sahani isiyo na bati, au yenye chapa kubwa ya Kijerumani kwa bei ya kushangaza, iache dukani. Vipuri bandia vyenye majina makubwa viko sokoni.

Thamani ya D ni nini, na yangu inatosha?

Ni nguvu ya kuvuta na kusukuma ambayo kiungo kinaweza kuhimili, kwa kilonyutoni. Unaitafuta hivi: zidisha 9.81 kwa 0.6, zidisha kwa uzito wa kichwa pamoja na kinachokiegemea (kwa tani), zidisha kwa uzito wote wa tela, kisha gawanya kwa jumla ya vipimo hivyo viwili vya uzito ukitoa kinachoegemea.

Tuchukue semi ya ekseli sita. Kwa mipaka ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli ya mbele ni tani 8, mbili za kuvuta tani 18, tatu za tela tani 24: jumla 50. Kichwa kitupu kikiwa tani 9, tela na mzigo ni 41, kinachoegemea kichwa ni 17, na kichwa pamoja nacho ni 26. Hesabu inatoa kama kilonyutoni 125. Sahani ya 152 inatosha kwa raha. Ukizidisha mzigo, au ukifunga sahani nyepesi iliyotolewa kwenye kichwa kidogo, ile nafasi ya usalama unaila mwenyewe.

Nipake grisi kiasi gani?

Paka mgongo wote wa sahani, taya na pete, kwa grisi ya kazi nzito, yenye grafaiti au molibdenamu. Lakini osha ya zamani kwanza. Kumwaga grisi mpya juu ya vumbi jekundu ni kutengeneza msasa. Sahani kavu utaiona: ina mng'ao wa fedha wenye mikwaruzo umbo la mwezi mchanga, na usukani unakuwa mzito kwenye kona za Kitonga. Sahani zenye bamba la plastiki juu hazitaki grisi mgongoni. Kwenye taya bado zinataka.

Kingipini ibadilishwe lini? Inaweza kuchomelewa?

Safisha, chukua venia (kifaa cha kupimia unene), pima sehemu nyembamba pande mbalimbali, kwa sababu hailiki sawa.  Ya inchi 2 ikifika milimita 49 imekwisha. Sehemu yake ya juu iliyo nene ni 73 ikiwa mpya, na mwisho wake ni 71. Ya inchi 3.5 mwisho wake ni 86.

Kuijaza kwa welding, kamwe. Chuma chake kimepikwa kiwandani kwa joto maalumu; moto wa fundi unaharibu mapishi hayo na kuacha nyufa usizoziona. Kingipini ya kufunga kwa bolti inabadilishwa kwa saa chache, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha.

Nikikanyaga breki au nikiondoka nasikia kishindo nyuma. Ni nini?

Uwazi kati ya kingipini na taya. Kila kishindo ni nyundo inayoongeza uwazi huo. Pima kingipini kwanza. Kama nzima, rekebisha skrubu ya komeo kwa maelekezo ya mtengenezaji. Ikiwa skrubu imefika mwisho, badilisha pete na taya. Mtu anayekaza skrubu bila kupima kingipini atakutana na tatizo siku akifunga tela lenye kingipini mpya: taya hazitafunga kabisa.

Kagua pia bolti za kuishikilia sahani kwenye chesisi. Mistari ya kutu inayotiririka kutoka chini ya kichwa cha bolti inaonyesha kwamba bolti imeanza kucheza.

Interlinki, yaani kichwa kimoja chenye matela mawili, ina viungo viwili. Nianze kufungua kipi?

Cha nyuma kwanza, daima. Na kila tela litiwe breki na kabari zake lenyewe kabla ya kugusa mkono wowote. Sahani ya pili, iliyo mkiani mwa tela la mbele, husahaulika kwa sababu iko mbali na kibanda na hula vumbi lote la matairi. Kwenye ukaguzi wa asubuhi mimi humulika hiyo kabla ya ile ya kichwa.

Nanunua kichwa cha mtumba. Kwenye fifthi wili nikague nini?

Soma bati. Fungua na funga taya kwa mkono uone springi zinarudisha kwa nguvu. Shika sahani pembeni uitikise juu na chini. Ikicheza sana, raba na pini za miguu yake zimekwisha. Tafuta nyufa kwenye miguu hiyo na alama za welding popote. Pima kimo cha mgongo wa sahani kutoka chini, kwa kuwa baadhi ya vichwa vya Ulaya vilijengwa vifupi kwa matela marefu ya kwenda juu, na havitalingana na tela lako. Mwisho, muulize muuzaji skrubu ya kurekebisha imebakiza nyuzi ngapi, kisha uhesabu mwenyewe.